Tepu chini ya prosesa: wauzaji wa kompyuta za mtumba waandike ukweli kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi mafundi wa kompyuta tunalijua vizuri, lakini wateja wetu wengi hawalijui, na kwa kutolijua wanaumia. Jambo lenyewe ni ule utundu wa kuipandisha kasi prosesa ya zamani (prosesa ni ile chipu inayopiga hesabu zote za kompyuta) kwa mkono, yaani kwa kubandika tepu, kupaka rangi inayopitisha umeme au hata kuchora kwa penseli kwenye prosesa yenyewe, kisha kompyuta hiyo ikauzwa kana kwamba ilitoka kiwandani na kasi hiyo. Ufundi wenyewe siupingi, kwani nimeufanya tangu ujana wangu na nitausimulia hapa bila haya. Ninachokipinga ni kuuza bila kusema.

Kilichonisukuma kuandika ni mwalimu mmoja wa sekondari aliyenijia mwezi uliopita na kompyuta tatu kwenye bajaji, amezifungia kwa shuka zisigongane. "Fundi," akaniambia kabla hata ya kukaa, "hizi nadhani zina virusi sugu." Shule yake ilikuwa imenunua kompyuta sita za mtumba kwa muuzaji mmoja hapa jijini, zote zikiwa na kibandiko cha karatasi mbele kilichoandikwa kwa kalamu nene "3.0 GHz", yaani kasi ya gigahezi 3. Wanafunzi wakiingia asubuhi saa mbili, zinafanya kazi bila tatizo. Ikifika saa saba mchana, chumba kimejaa na dirisha linalofunguka ni moja tu, mbili zinaganda na ya tatu inajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya somo. Walikuwa wameshafuta kila kitu na kuweka Windows upya mara mbili, na kila mara fundi aliyeitwa alilipwa. Nilimwambia mwalimu kwamba virusi havina saa. Ugonjwa unaokuja adhuhuri na kuondoka jioni ni wa joto.

Nilifungua ya kwanza mbele yake. Feni ilikuwa imejaa vumbi, jambo la kawaida. Nikaitoa hitisinki, yaani lile pande la chuma linaloipooza prosesa, nikafuta ile dawa nyeupe ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka kama chokaa ya ukutani, na juu ya bamba la prosesa yakajitokeza maandishi ya kiwandani: Core 2 Quad, Q6600, ndilo jina la prosesa, na chini yake 2.40GHZ/8M/1066, ambapo namba ya kwanza ndiyo kasi. Mwalimu akayasoma kwa sauti, akatazama kibandiko, akayasoma tena. Nikainua prosesa na kuigeuza. Upande wa chini una viguso 775 vya rangi ya dhahabu, vimejipanga kama punje kwenye gunzi la mhindi, na juu ya kiguso kimoja tu palikuwa na kipande cha tepu ya umeme kisichozidi punje ya mtama, kingo zake zimeanza kujikunja. Nilikitoa kwa kijiti cha meno. Nikapaka dawa mpya, nikarudisha kila kitu mahali pake na kuwasha, na kompyuta ikajitambulisha kuwa ya gigahezi 2.4. Zile mbili nyingine zilikuwa hivyo hivyo, na tepu imekatwa na mkono ule ule.

Msomaji ambaye si fundi atauliza tepu inaongezaje kasi. Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili, yaani mapigo ya msingi ambayo hutolewa na ubao mkuu wa kompyuta, na kizidishio ambacho kimefungwa ndani ya prosesa. Q6600, iliyoanza kuuzwa Januari 2007, hupokea mapigo ya megahezi 266 (megahezi elfu moja ni gigahezi moja) na kuyazidisha mara 9, ndipo tunapata gigahezi 2.4. Kizidishio hicho mtumiaji hawezi kukipandisha. Mapigo ya msingi, hata hivyo, ubao huyapanga kwa kuiuliza prosesa, na prosesa hujibu kupitia viguso vitatu tu, kila kimoja kikijibu kwa kuwa na umeme au kutokuwa nao. Prosesa ya mapigo 266 huvishusha vyote vitatu, kama mtu anayejibu hapana, hapana, hapana. Ukikiziba kimoja maalumu kati ya hivyo kwa tepu kisigusane na soketi, hapana yake haisikiki tena, ubao unaona umeme pale na unaamini kwamba umewekewa prosesa ya mapigo 333. Tisa mara 333 ni gigahezi 3. Prosesa ni ile ile iliyotoka kiwandani, ila ubao umedanganywa, na baada ya ubao akadanganywa mwalimu.

Kwa prosesa za mapigo 200, kama vile Pentium E2160 ya gigahezi 1.8, kazi huwa kinyume chake, kwa kuwa pale kuna kiguso kinachopaswa kushushwa. Fundi hukiunganisha na kiguso jirani cha ardhi kwa tone la rangi yenye fedha ndani yake, ubao unasoma 266, na prosesa inakwenda gigahezi 2.4. Njia hizi hupendwa sana kwenye kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo, kwa sababu bayosi zake, yaani programu ya ubao inayoiamsha kompyuta, kwa kawaida hazina ukurasa wa kubadilisha mapigo, hivyo mlango pekee uliobaki ni kupita chini ya prosesa. Hata hivyo si kila ubao hukubali. Ule ambao chipu zake hazikuundwa kwa mapigo 333 hauwaki kabisa, au unawaka na kurudi pale pale ulipokuwa.

Huu si uhuni uliobuniwa Kariakoo, na ningependa haki itendeke hapo. Agosti 1998 Intel, kampuni inayotengeneza prosesa, ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu iliyokwenda megahezi 300 kwa kuzidisha mapigo 66 mara nne na nusu. Watu wakagundua kwamba wakiiziba pini moja, B21, ubao huipa mapigo 100, na prosesa ya wanyonge ikafika megahezi 450, kasi ile ile ya Pentium II ya juu kabisa wakati huo. Nyingi zilihimili, na sababu yake inaeleweka. Kiwanda kikishamudu kutengeneza silikoni nzuri, nyingi kati ya chipu zinazotoka zinaweza kwenda kasi kuliko zilivyoandikwa, lakini soko linataka za bei ya chini pia, kwa hiyo chipu zisizo na kasoro huandikwa namba ndogo na kuuzwa. Anayeipandisha kasi anadai kile kilichokuwamo tayari. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kilichomo kwenye chipu yake mpaka aipime, na chipu mbili zilizozaliwa siku moja zinaweza kutofautiana kama ndugu wa tumbo moja.

Mimi nilianzia kwenye penseli. Mwaka 2000 AMD, kampuni inayoshindana na Intel, ilitoa prosesa za Duron na Athlon za soketi ya pini 462, na juu ya kila prosesa, kwenye ile kauri, kulikuwa na vijidaraja vinne vilivyopewa jina la L1. Vikiwa vimeunganishwa, kizidishio kinafunguka na unaweza kukipanga upendavyo. Vikiwa vimekatwa, kimefungwa. Kiwandani vilikatwa kwa miale ya leza, lakini penseli laini ya shuleni, kwa kuwa ndani yake kuna grafiti na grafiti hupitisha umeme, iliweza kuviunganisha tena. Nilikuwa kijana nikijifunza kazi kwa bwana mmoja, na usiku mmoja nilichukua Duron ya megahezi 600, nikachora mistari minne kwa mkono unaotetemeka, nikasugua kwa uangalifu ili mstari mmoja usigusane na mwenzake, kisha nikaiona ikiwaka kwa 800. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile kazini tangu hapo. Wiki iliyofuata rafiki yangu, akitaka kunishinda, aliikandamiza hitisinki kwa bisibisi kwenye prosesa kama hiyo, ambayo silikoni yake ilikuwa wazi bila bamba la kuikinga, akaivunja kona. Ilikuwa ya mteja. Tulichanga mishahara yetu miwili kuilipa. Athlon XP za mwishoni mwa 2001 zilikuja na mashimo ya leza pale kwenye vijidaraja, ikabidi mtu azibe shimo kwa supagluu kwanza ndipo apake rangi ya fedha juu yake, na hapo ndipo wengi wetu tulipoacha.

Nimesimulia hayo ili nisije nikaonekana mzee anayewakataza vijana utundu. Lakini tangu mwanzo kumekuwa na watu wa aina nyingine kabisa ndani ya jambo hili. Katika miaka ya 1990 palikuwa na wafanyabiashara waliofuta maandishi kwenye prosesa za kasi ndogo, wakaandika kasi kubwa na kuziuza kwa bei ya kubwa, na mojawapo ya sababu zilizoifanya Intel ianze kuvifunga vizidishio ni wao. Kufuli tunazolalamikia mafundi tuliletewa na wadanganyifu. Leo muuzaji anayebandika tepu na kunyamaza anafanya kazi ile ile, ila amehama kutoka upande wa juu wa prosesa hadi upande wa chini, ambako mteja haoni.

Sasa nije kwenye madhara, maana wapo watakaosema kwamba mwalimu alipata gigahezi tatu kwa bei ya mbili na nusu, analalamika nini. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mapigo, na kwa upande wa volti hupanda kwa mraba wake. Q6600 za toleo la kwanza zilikadiriwa wati 105 na za baadaye 95. Ukipandisha mapigo kwa asilimia 25 bila kugusa volti, zile 95 zinakuwa karibu 119, na fundi akiongeza na volti kwa asilimia 10 ili prosesa itulie, joto linakuwa mara moja na nusu ya lile la awali. Hitisinki ni ile ile na feni ni ile ile yenye vumbi. Pawa saplai na zile kapasita, vijikopo vya kutunza umeme vinavyoilisha prosesa, zimefanya kazi miaka mingi katika ofisi yenye kiyoyozi, na sasa zimeletwa Dar es Salaam, zikawekwa kwenye chumba cha bati ambacho mwezi wa Januari kinazidi nyuzi 33. Kapasita huanza kuvimba vichwa. Ndani ya silikoni nako, mkondo mkubwa kwenye joto kubwa husukuma taratibu chembe za shaba za zile nyaya nyembamba kuliko unywele hadi mahali fulani waya unakatika. Prosesa inayohimili leo si lazima ihimili mwaka kesho, na dhamana ya muuzaji wa mtumba kwa kawaida ni wiki mbili.

Tena kuganda si baya kuliko yote. Kompyuta inayoganda imesema kwamba inaumwa. Ninayoiogopa ni ile isiyoganda, bali hukosea hesabu moja kati ya mabilioni na kuendelea kama kawaida. Prosesa iliyosukumwa kidogo tu kupita uwezo wake hufanya hivyo hasa. Faili linahifadhiwa likiwa na herufi iliyobadilika, kumbukumbu inaandikwa pasipo pake, na siku ya kulifungua faili unaambiwa limeharibika. Ndiyo maana wanaoifanya kazi hii kwa heshima huiacha kompyuta usiku kucha ikipiga hesabu nzito kwa programu kama Prime95, ambayo hulinganisha jibu na lile linalojulikana, na likitofautiana hata mara moja, kasi hushushwa. Mwalimu wangu alikuwa akipanga matokeo ya mitihani ya kidato cha pili kwenye moja ya kompyuta zile. Nilipoiendesha programu hiyo kabla ya kutoa tepu, ilitoa kosa baada ya dakika kumi na moja. Hakusema kitu, alitoa simu na kumpigia mwenzake shuleni amwambie asichapishe orodha.

Na faida yenyewe ni ipi? Kwa mtu anayeandika barua, kupanga hesabu za duka na kufungua mtandao, tofauti kati ya gigahezi 2.4 na 3 haionekani kwa macho, kwa sababu muda mwingi prosesa inaisubiri diski inayozunguka. Fedha ile ile aliyotozwa juu kwa ajili ya kibandiko ingetosha kuongeza ramu, au kuchangia diski ya kisasa isiyozunguka, na hapo angeona kompyuta inaamka haraka kwa namna ambayo hakuna tepu itakayoileta. Wala kasi haiondoi uzee. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, linahitaji amri ambazo prosesa za kizazi cha Core 2 hazikuzaliwa nazo, kwa hiyo haliwaki kwenye Q6600 iwe ya gigahezi 2, 3 au 4, na Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia rasmi Oktoba 14, 2025. Kwa kompyuta hizi Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ndiyo njia ya heshima iliyobaki, na inakwenda vizuri sana kwa kasi ya kiwandani.

Ninaomba nini, Ndugu Mhariri? Kwa wauzaji naomba sentensi moja kwenye risiti: prosesa hii imepandishwa kasi kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki. Wapo wateja, hasa vijana wa michezo ya kompyuta, watakaoinunua kwa furaha wakijua, na wengine watauliza njia ya kuipandisha zaidi. Asiyetaka kuandika sentensi hiyo anajua kwa nini hataki. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 tayari inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo. Sioni haja ya sheria mpya kwa ajili ya tepu.

Kwa kamati za manunuzi za shule na za ofisi ndogo naomba wasiamini kibandiko cha mbele. Kukagua hakuhitaji fundi wala bisibisi. Kompyuta ikiwa na Windows, fungua ukurasa unaoeleza mfumo na usome mstari wa prosesa. Jina lake limechomwa kiwandani ndani ya chipu na tepu haiwezi kulibadilisha, kwa hiyo kwenye kompyuta iliyochezewa utakuta namba mbili kwenye mstari mmoja: Q6600 @ 2.40GHz, na mbele yake 3.00 GHz. Zikipishana kwa kiasi kikubwa namna hiyo kwenye kompyuta ya zamani kama hii, uliza. Pia njooni kukagua saa nane mchana, si asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, na iacheni iwake saa nzima mkiwa mnazungumza bei. Muuzaji anayekuharakisha uondoke kabla ya saa hiyo naye amekueleza jambo.

Kwa mafundi wenzangu, wale mnaopenda kazi hii kama ninavyoipenda, endeleeni kuifanya kwenye mashine zenu. Kuna raha nyingine kubwa kuliko ya tepu, ile ya kuzikalisha Xeon za seva za soketi 771 kwenye ubao wa soketi 775. Unakata masikio mawili ya plastiki kwenye soketi na kubandika kijikaratasi kinachobadilishana viguso viwili, ukipata, kwa mfano, E5450 ya gigahezi 3 halali iliyoandikwa kiwandani, yenye makadirio ya wati 80 tu. Huko ndiko kupandisha kasi bila kuichosha prosesa, mradi ubao na bayosi vikubali. Ila mteja akiileta kompyuta kufanyiwa usafi, isafisheni na kuirudisha kama ilivyokuja.

Mwalimu alirudi kwa muuzaji na vile vipande vitatu vya tepu nilivyombandikia kwenye karatasi nyeupe pamoja na picha za maandishi ya juu ya prosesa. Muuzaji alimjibu kwamba yeye alizipokea hivyo hivyo kutoka ng'ambo ndani ya kontena, na huenda anasema kweli, ingawa kibandiko cha mbele kiliandikwa pia kwa Kiswahili kwamba ni "mashine kali". Amekubali kurudisha sehemu ya fedha. Zile kompyuta tatu zilizobaki shuleni, ambazo hazijawahi kuganda, mwalimu ameahidi kuniletea Jumamosi nizigeuze.

Fundi wa kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam
(Jina langu naomba lisichapwe)